Kabla ya kununua upanga: jibu kwa msomaji anayetaka kuigiza uharamia

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi sasa kusini mwa Uingereza, ameniandikia kwamba jirani zake wamemkaribisha katika kikundi chao, ambacho kila kiangazi huigiza maharamia wa mwaka 1718 kwenye sherehe za miji ya pwani. Anauliza anunue silaha gani kwanza, watu wazima hupiganaje kwa vyuma mbele ya umati bila kuumizana, na kama anaweza kuletewa gobori la marehemu babu yake kutoka Lamu ili alitumie. Swali lake la mwisho, ambalo nadhani ndilo lililomfanya aandike, ni hili: mtu mweusi wa pwani yetu ana nafasi gani katika maigizo haya, mbali na kuigiza mtumwa?

Ndugu yangu, nimeshiriki mapigano ya jukwaani kwa miaka mingi, na karibu kila mgeni huanza na swali lako la kwanza. Nami huwajibu wote jambo moja: mwaka wa kwanza usinunue silaha yoyote. Jifunze kwanza kupigwa. Nitaeleza sababu, ila niruhusu nianze na mwaka ambao kikundi chako kimejichagulia, kwa kuwa mwaka huo ndio unaoamua kipi kishikwe mkononi na kipi kiachwe dukani.

Kuna sherehe za maharamia na kuna maigizo ya kihistoria, na ni rahisi kuzichanganya. Mjini Hastings, Uingereza, mwaka 2012, watu 14,231 waliovaa kiharamia walihesabiwa ili kuweka rekodi ya dunia. Mjini Tampa, katika jimbo la Florida, tangu 1904 wakazi wamekuwa wakiuvamia mji wao wenyewe kwa shangwe kwa jina la José Gaspar, haramia ambaye wanahistoria hawajapata ushahidi kwamba aliwahi kuishi. Katika shughuli za namna hiyo kitambaa cha jicho, kasuku wa plastiki na mguu wa gongo havimkeri mtu, na mimi mwenyewe nimewahi kuvivaa vyote vitatu kwa siku moja. Kikundi kinachotaja mwaka, kwa upande mwingine, kimejifunga kwa ahadi: mtazamaji akiuliza kitu fulani ni cha lini, lazima apate jibu.

Mwaka 1718 una jibu zito, kwa sababu ndio mwaka aliouawa haramia Edward Teach, aliyejulikana kwa jina la Blackbeard. Tarehe 22 Novemba, karibu na kisiwa cha Ocracoke huko North Carolina, Luteni Robert Maynard wa jeshi la majini la Uingereza aliwaficha askari wake chini ya sitaha. Teach akaona watu wachache tu juu, akadhani mizinga yake imemaliza kazi, akaparamia chombo cha adui, na wale waliofichwa wakatoka. Inasimuliwa kwamba mwili wake ulikutwa na majeraha 5 ya risasi na yapata 20 ya panga. Nakukumbusha hayo si kwa ajili ya kutisha, bali kwa sababu yanaonyesha pigano halisi lilivyokuwa: vurugu ya karibu sana, katika nafasi finyu, bila mapambo yoyote. Kazi yetu sisi waigizaji ni kuichukua vurugu hiyo na kuipanga hatua kwa hatua, mpaka mtoto aliyekaa mstari wa mbele aielewe na mama yake asiwe na hofu.

Upanga wa baharia wa wakati ule ulikuwa mfupi, wenye makali upande mmoja, na mara nyingi uliopinda kidogo. Ufupi huo ulikuwa na maana yake: juu ya sitaha kuna kamba, milingoti na watu waliobanana, na upanga mrefu hunasa kabla haujamfikia mtu. Kilichokinga vidole mara nyingi kilikuwa kipande cha chuma kilichofinyangwa mfano wa kombe la baharini. Utakachoonyeshwa na wauzaji wengi, hata hivyo, ni upanga wenye kinga ya duara mbili zilizoungana kama tarakimu nane. Huo ni wa jeshi la majini la Uingereza wa mwaka 1804, na haramia wa 1718 angekuwa amekwisha kuzikwa muda mrefu kabla haujafuliwa. Zile panga ndefu nyembamba zenye vikapu vya nakshi, zinazopendwa na filamu, nazo zilikuwa zimepitwa na wakati. Zaidi ya upanga kulikuwa na shoka la kuparamia, mkuki mfupi wa sitahani, na mabomu ya mkono, yaani tufe tupu za chuma zilizojazwa baruti. Mabomu ya aina hiyo yameopolewa kutoka katika mabaki ya meli ya maharamia Whydah, iliyozama karibu na Cape Cod mwezi Aprili 1717 na kugunduliwa mwaka 1984.

Katika mabaki hayo hayo ilipatikana bastola iliyokuwa bado na utepe wa hariri. Napenda sana kuwaonyesha wanafunzi picha yake, kwa sababu utepe huo unaeleza jambo ambalo mavazi ya dukani hayalielezi. Bastola ya gumegume hupiga mara moja tu. Jiwe linaloshikwa na taya za nyundo hugonga bamba la chuma, cheche huangukia baruti kidogo iliyo kwenye kisahani cha pembeni, na moto hupenya katika tundu dogo hadi kwenye shindo, yaani baruti kuu iliyo ndani ya mtutu. Hewa ya bahari ikilowesha ile baruti ya kisahani, hakuna kinacholia. Kwa hiyo mtu aliyetaka kubaki hai alibeba bastola mbili, nne au zaidi, na akazitundika kwa utepe ili anapoiachia moja baada ya kufyatua isipotee majini wakati mkono unatafuta ya pili. Haramia Bartholomew Roberts, aliyeuawa mwaka 1722, anaelezwa kuwa alivaa zake namna hiyo, zikining'inia kwenye kitambaa cha hariri kilichopita begani.

Sasa nije kwenye mapigano yenyewe, ambapo ndipo ninapotaka utumie mwaka wako wa kwanza.

Bila shaka umewahi kutazama kirumbizi, zumari inapolia na wanaume wawili wanaingia uwanjani na fimbo zao. Fimbo hushuka kwa kishindo, watazamaji hushtuka, lakini mwenzake ameshaiweka yake mahali inapotua. Ukiwa umelielewa hilo, umeielewa nusu ya somo langu. Katika mapigano ya jukwaani mpigaji humtazama mwenzake machoni mpaka ahakikishe kwamba naye anamtazama. Kisha huinua mkono kwa upana, kama mtu anayetaka aonekane na kipofu, ili pigo lijulikane linakuja upande gani. Hungoja mwenzake apeleke upanga mahali pa kukingia. Na ndipo pigo huja. Kwa maneno mengine kinga hutangulia pigo, ijapokuwa jicho la mtazamaji huapa kwamba ilikuwa kinyume chake. Zaidi ya hayo, pigo hata halielekezwi mwilini. Mkato wa bega hulenga kiasi cha shubiri moja nje ya bega, mchomo wa tumbo hupita kando ya nyonga ule upande usioonekana na umati, na kuelekea usoni hakuna mchomo kabisa, hata mkiwa mmefanya mazoezi pamoja miaka kumi. Umbali kati yenu hupimwa kabla ya kuanza, kwa mkono na upanga ulionyooshwa, ili hata mmoja akisahau kukinga ncha isimfikie mwenzake.

Kanuni inayobeba zote ni kwamba anayepigwa ndiye mwenye mchezo. Chukua mfano wa kumburuta mtu kwa nywele, ambao watoto huupenda kupita kiasi. Mimi naweka ngumi yangu iliyofumbwa juu ya kichwa chako, bila kushika hata unywele mmoja. Wewe unanishika kifundo cha mkono kwa mikono yako miwili na kukikandamiza kichwani pako. Kisha unaanza kupiga kelele na kutembea, huku mimi nikikufuata nikiwa na uso wa hasira. Mwendo ni wako, kasi ni yako, na ukiachia mikono yako tu ngumi yangu inadondoka na mchezo umekwisha. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kofi, kwa kusukumwa, kwa kukabwa koo, na hata kwa kifo. Ndiyo maana mgeni wangu namkataza kushika upanga mpaka ajue kuanguka kwa nyama za paja na bega badala ya kiwiko na mkono ulionyooka, na mpaka aweze kupokea kofi lisilomgusa na bado mtu wa safu ya nyuma akasema “pole”.

Mazoezi hufanywa polepole, kwa kasi ya mtu anayetembea ndani ya maji yanayomfika kiunoni, na hurudiwa hadi mwili uukumbuke mpangilio bila kuuliza kichwa. Siku ya maonyesho kila pigano hupitiwa tena kabla ya watazamaji kuingia, hata kama jana lilikwenda vizuri, kwa sababu leo mawe ya gati yameloa au mmoja wenu hakulala. Hakuna kuongeza pigo la papo kwa papo. Kuna neno moja lililokubaliwa ambalo yeyote akilitamka silaha zote hushuka. Na kwa kuwa sherehe hizi huandamana na baa zilizojaa toka asubuhi, niseme wazi: aliyeonja pombe hashiki chuma siku hiyo, awe nahodha au mwanzilishi wa kikundi. Kikundi chako kikilegeza sharti hilo, shukuru kwa mwaliko na uende zako.

Ukishafika hatua ya kununua upanga, epuka kosa langu. Nilipokuwa mgeni nilinunua kwa muuzaji mmoja wa mapambo upanga uliong'aa kama kioo, wa chuma kisichoshika kutu, nikaenda nao mazoezini kwa majivuno. Katika kinga ya nne au ya tano bamba lilikatika karibu na mpini, likaruka likizunguka, likatua nyasini nyuma ya mwenzangu, na mimi nikabaki nimeshika kipini. Tulipokivunja tulikuta kwamba sehemu ya bamba iliyoingia ndani ilikuwa kijiti chembamba kama penseli, kilichounganishwa kwa kuchomelewa. Chuma cha namna hiyo ni cha kutundikwa ukutani. Upanga wa kupigania hufuliwa kwa chuma cha springi, ambacho hupinda na kurudi, na mafundi wa Uingereza hupenda ule unaoitwa EN45. Sehemu inayoingia mpinini ni pana na hufika hadi mwisho wake, ncha imeviringwa, na makali yamepigwa msasa yakawa mapana na mviringo. Upanga huo utashika kutu, tena haraka ukiwa karibu na bahari, nawe utaupangusa na kuupaka mafuta kila jioni. Baada ya kila pigano pitisha kitambaa laini kwenye makali: panaponasa nyuzi pana kijino, na kijino hicho kitamchana mtu kesho kama hakikusawazishwa kwa tupa.

Baruti ni somo la baadaye, na hufundishwa na mwenye kibali, si na makala. Hata hivyo yapo mambo ambayo hata mtu asiye na bunduki anapaswa kuyajua kwa sababu atasimama karibu na wenye bunduki. Baruti nyeusi ni shura asilimia 75, makaa 15 na kiberiti 10, nayo haijali kwamba hakuna risasi: moto unaotoka kwenye mtutu mtupu huunguza uso, na kipande chochote kilichosahauliwa ndani hugeuka risasi. Kwa sababu hiyo mdeki, yaani ufito wa kushindilia, hauingizwi mtutuni wakati wa pigano, na vikundi vingi huwataka watu wauache kabisa kambini, kwa kuwa wapo waliowahi kuufyatua hewani pamoja na shindo. Moto mwingine hutoka pembeni, kwenye lile tundu la kisahani, ambalo katika silaha nyingi liko upande wa kulia. Asiyejua hujipanga begani mwa mwenzake na kuungua sikio. Silaha hailengwi mwilini hata ikiwa mbali. Ikigoma kulia, inabaki imeelekezwa mahali salama na mwenyewe anahesabu taratibu kabla ya kuigusa, maana moto unaweza kuwa bado unatambaa ndani. Baruti haimiminwi kutoka kwenye pembe kwenda mtutuni. Hupimwa nyumbani na kufungwa katika karatasi, shindo moja moja. Na nguo zako ziwe za pamba, kitani au sufu, kwa kuwa cheche hutoboa pamba lakini huyeyusha nguo za nailoni juu ya ngozi.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Huko uliko, bastola ya kushindilia inayofyatua inahitaji hati ya silaha ya polisi, na baruti yenyewe inahitaji hati yake mbali. Panga zilizopinda zenye bamba la sentimita 50 au zaidi zimewekewa vizuizi tangu 2008, na maigizo ya kihistoria yamepewa nafasi ya kujitetea. Lakini nafasi hiyo ni ya mtu aliye kazini, si ya anayepita sokoni na upanga kiunoni. Safiri nao ukiwa umefungwa ndani ya mfuko, uwe na barua ya kikundi, na uulize kama kikundi kina bima ya madhara kwa watu wengine. Kisichokuwa na bima usijiunge nacho.

Hapo ndipo gobori la babu linapoingia. Kwanza lichunguze, au mwambie aliye Lamu alichunguze: je, lina taya za kushika jiwe la gumegume, au lina chuchu ndogo ya kuvalishwa fataki, yaani kikofia kinacholipuka kikigongwa? Magobori mengi yaliyobaki majumbani ni ya fataki, na fataki ni uvumbuzi wa karne ya 19, kwa hiyo silaha hiyo ingekuwa kituko mikononi mwa haramia wa 1718. Hata kama ni la gumegume, mtutu uliokaa miaka mingi katika chumvi ya Lamu unaweza kuwa umeliwa kwa ndani mahali jicho halifiki, na ukijazwa baruti ukapasukia usoni mwa mjukuu. Tena kulisafirisha bila ruhusa ya maandishi ya mamlaka za nchi zote mbili ni kujitafutia kesi. Liache lilipo, kama umiliki wake ni halali, na uombe upigiwe picha nzuri. Picha hiyo itakusaidia zaidi utakapokuwa unawaeleza watazamaji jinsi silaha za kushindilia zilivyodumu pwani ya Afrika Mashariki baada ya Ulaya kuziacha.

Nimeliacha swali lako la mwisho hadi sasa kwa makusudi. Watu weusi walikuwa ndani ya vyombo hivyo, na si wote walikuwa katika minyororo. Miongoni mwa watu wa Blackbeard waliofikishwa mahakamani Williamsburg mwaka 1719 walikuwamo watu weusi. Meli za Roberts zilipokamatwa mwaka 1722 watu weusi zaidi ya 60 walikutwa humo. Wenzao weupe walipelekwa mahakamani, na 52 wakanyongwa, ilhali wao waliuzwa utumwani bila kuulizwa walikuwa nani. Usikubali kikundi kikupambie habari hiyo kwamba meli ya maharamia ilikuwa pepo ya usawa, kwa sababu maharamia hao hao walipokamata meli za watumwa mara nyingi waliwahesabu watu kama shehena. Lakini pia usikubali kuambiwa kwamba sura yako haina mahali pa kusimama sitahani.

Na kama kikundi chako kiko tayari kurudi nyuma miaka ishirini, pwani yetu ina hadithi yake. Mwaka 1697 nahodha William Kidd, aliyekuja kunyongwa kwa uharamia, aliipweleza meli yake Adventure Galley huko Mwali, katika visiwa vya Komoro, ili ikwanguliwe na kutengenezwa, na maradhi yakaua makumi ya watu wake hapo hapo. Kisiwa jirani cha Anzwani kilikuwa kituo kinachojulikana cha meli za Waingereza kujaza maji na kununua vyakula. Januari 1698 Kidd aliteka meli Quedagh Merchant katika pwani ya India, kisha akaenda Sainte-Marie, karibu na Madagaska, iliyokuwa maskani ya maharamia. Na mwezi Desemba mwaka huo huo Ngome ya Yesu katika mji wako wa Mombasa ikaangukia mikononi mwa Waomani baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu. Kidd alinyongwa London mwaka 1701. Katika bahari iliyokuwa na pilikapilika hizo, mzee wa Anzwani anayejadiliana bei ya ng'ombe na nahodha Mwingereza, rubani anayejua miamba, au fundi anayekalafati, yaani anayeziba nyufa za chombo kwa pamba, ni watu wanaoaminika kihistoria kuliko nusu ya manahodha wenye manyoya kofiani utakaowakuta uwanjani. Jambia kiunoni mwa Mwarabu wa wakati huo lingekuwa na haki ya kuwapo pia, likiwa butu na likibaki ndani ya ala yake.

Mimi ningekushauri uchukue nafasi ya fundi. Kama mkono unakuwasha na lazima ununue kitu mwezi huu, nunua viatu vya ngozi visivyoteleza, kisha utafute nyundo ya mbao ya kalafati, patasi yake butu na fungu la pamba. Kaa kando ya uwanja ukiwa na vipande viwili vya mbao vilivyoachana kidogo, uishindilie pamba katika ufa huo na uupake shahamu mbele ya watoto, ukiwaeleza kwamba chombo kisichokalafatiwa huzama bila kupigwa hata mzinga mmoja. Wenzako wakikuita uje kupigana, nenda ukapigwe.